Jembe na Nyumba: Kurudishwa Bungeni kwa Mbunge Mkongwe katika Tanzania ya Chama Kimoja, 1965–1990

1.0 Utangulizi

Maandishi mengi yahusuyo siasa za Afrika baada ya uhuru huueleza uchaguzi wa chama kimoja kwa namna mbili zinazopingana. Namna ya kwanza huuona kuwa ni mchezo wa kuigiza: chama kiliamua, wananchi wakapanga foleni, masanduku yakajazwa, na walewale wakarudi. Namna ya pili, ambayo ilipendwa sana na viongozi wa wakati huo, huuona kuwa ni demokrasia iliyo karibu zaidi na mila za Kiafrika, ambamo watu wa ukoo mmoja hukaa chini ya mti wakazungumza hadi wakubaliane. Maelezo yote mawili yana kasoro moja, nayo ni kulishika jambo kwa ujumla mno.

Makala haya yanakusudia kulitazama jambo hilo kupitia swali dogo. Mbunge aliyekwisha kukaa bungeni kipindi kimoja, viwili au vitatu, alirudishwaje? Ni nani aliyemrudisha, na ni nani aliyekuwa na uwezo wa kumzuia asirudi? Swali hili lina manufaa kwa sababu kurudi kwa mbunge ni kipimo. Ikiwa kila aliyeomba kurudi alirudi, uchaguzi ulikuwa desturi tu. Ikiwa wengine walirudi na wengine wakaangushwa, hapana budi kueleza tofauti yao ilitoka wapi.

Mifano inayotumika hapa imetoka hasa Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa na historia yake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Wazanzibari hawakuchagua wawakilishi wa majimbo hadi lilipoundwa Baraza la Wawakilishi mwaka 1980, na kwa muda mrefu wabunge wao katika Bunge la Muungano walipatikana kwa kuteuliwa. Mbunge mkongwe wa Zanzibar katika miaka hiyo ni suala jingine kabisa. Kenya inatajwa kuelekea mwisho kwa ajili ya ulinganisho.

2.0 Kwa nini uchaguzi ndani ya chama kimoja

Yafaa kukumbuka kwamba mfumo wa mwaka 1965 haukuanza kwa kufuta ushindani. Ushindani ulikuwa umekwisha kutoweka wenyewe, angalau katika masanduku ya kura. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na katika majimbo 58 mgombea wake alipita bila kupingwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya wananchi wa Tanganyika, katika uchaguzi uliotangulia uhuru wao, hawakupiga kura ya mbunge hata kidogo. Mwaka 1962, katika uchaguzi wa Rais, Zuberi Mtemvu wa chama cha ANC alisimama dhidi ya Mwalimu Julius Nyerere akashindwa vibaya sana.

Kiti kimoja ambacho TANU ilikikosa mwaka 1960 kinastahili kuangaliwa. Kilikuwa cha Mbulu. Aliyekitwaa, Herman Sarwatt, hakuwa mpinzani wa TANU. Alikuwa mwanachama wake, aliyesimama kama mgombea binafsi dhidi ya mgombea rasmi wa chama, naye akamshinda. Watu wa Mbulu hawakuikataa TANU. Walimkataa mtu waliyeletewa na TANU. Mtu anaweza kusema bila kutia chumvi kwamba mfumo wote wa mwaka 1965 ulikuwa ni kuihalalisha Mbulu nchi nzima: wanachama wawili wa chama kimoja wasimame, na wananchi waamue baina yao.

Tume iliyoteuliwa Januari 1964, chini ya uenyekiti wa Rashidi Kawawa, ilikusanya maoni na kutoa taarifa yake mwaka 1965. Katiba ya Muda ya Julai 1965 ikaifanya nchi kuwa ya chama kimoja kisheria, TANU kwa upande wa Bara na Afro-Shirazi kwa upande wa Visiwani, na uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo ukafanyika Septemba 1965. Ulirudiwa kila baada ya miaka mitano, yaani mwaka 1970, 1975, 1980, 1985 na 1990. Vyama viwili vilipoungana na kuzaa Chama cha Mapinduzi tarehe 5 Februari 1977, utaratibu wa wagombea wawili uliendelea. Kwa upande wa Rais hapakuwa na wagombea wawili. Mwananchi alitakiwa aseme ndiyo au hapana kwa jina moja, na ndiyo ilizidi asilimia 90 kila mara Mwalimu Nyerere aliposimama. Tofauti hii baina ya kura ya Rais na kura ya mbunge isisahauliwe, maana ni kura ya pili tu iliyokuwa na nafasi ya kumwondoa mtu.

3.0 Machujio mawili

Mbunge aliyetaka kurudi alipaswa kupita katika machujio mawili, la chama na la wananchi, na kila chujio lilikuwa na matundu yake.

Chujio la kwanza lilianzia wilayani. Waombaji walijieleza mbele ya mkutano mkuu wa chama wa wilaya, wajumbe wakawapigia kura na kuwapanga kwa mpangilio wa kura walizopata. Orodha hiyo ikapelekwa ngazi ya taifa, ambako Halmashauri Kuu iliteua majina mawili. Halmashauri haikufungwa na mpangilio wa wilaya, ingawa katika uchaguzi wa mwaka 1965 mara nyingi iliuheshimu. Hapa ndipo mbunge mkongwe alipopata faida ya kwanza. Wajumbe wa mkutano wa wilaya walikuwa ni watu anaowafahamu kwa majina: makatibu wa matawi, wenyeviti, wazee wa chama, akina mama wa UWT, vijana wa jumuiya. Alikuwa amekaa nao katika vikao kwa miaka. Mgeni, hata awe na elimu ya kiasi gani, alikuja mbele yao akiwa mwombaji tu.

Hata hivyo, faida hiyo ilikuwa ni ya kuingia katika majina mawili, si zaidi. Katika nchi yenye vyama vingi, mgombea akishapitishwa na chama chenye nguvu katika eneo lake huwa amekwisha kushinda. Katika utaratibu wa TANU, kupitishwa kulimfikisha mbunge mbele ya mtu mwingine aliyepitishwa vilevile, mwenye kadi ileile na baraka zilezile. Chama kilimvua mgombea wake silaha kubwa kuliko zote, nayo ni chama chenyewe.

Chujio la pili lilikuwa la wananchi wote wa jimbo, wawe wanachama au wasiwe. Mwaka 1965 majimbo yalikuwa 107. Kampeni hazikuendeshwa na wagombea wenyewe. Chama cha wilaya kilipanga mikutano, kikaweka ratiba, kikatoa usafiri, na wagombea wote wawili wakapanda jukwaa moja, kila mmoja akipewa zamu yake ya kuzungumza na kuulizwa maswali. Haikuruhusiwa kutafuta kura kwa kutumia kabila, dini wala rangi. Haikuruhusiwa mgombea kudai kwamba yeye ndiye anayetakiwa na Rais au na chama. Taswira ya wapinzani wawili wakizunguka vijiji pamoja, wakila vumbi la barabara moja, kisha kila mmoja akijitahidi kuwaeleza watu kwa adabu kwa nini mwenzake asichaguliwe, ina kichekesho chake. Lakini si kichekesho kitupu. Ilimnyima mbunge aliyemo madarakani uwezo wa kununua sauti kubwa kuliko ya mwenzake.

4.0 Lugha ya jukwaani

Kwa wanafunzi wa lugha, sharti lenye uzito kuliko yote lilikuwa lile lililotaka kampeni ziendeshwe kwa Kiswahili. Mgombea hakuruhusiwa kuhutubia kwa Kisukuma Mwanza, kwa Kichaga Moshi, wala kwa Kihaya Bukoba. Sababu yake ya kisiasa ilikuwa wazi: lugha ya kabila ingekuwa mlango wa nyuma wa ukabila. Athari yake kwa mbunge mkongwe ilikuwa ya pande mbili, nayo haijatazamwa ipasavyo.

Kwa upande mmoja, sharti hilo lilimsaidia. Mbunge aliyekaa Dar es Salaam, akashiriki mijadala ya Bunge na vikao vya chama, alikuwa amekwisha kuizoea sajili ya siasa iliyokuwa inaundwa katika miaka hiyo: mpango wa maendeleo, kujitegemea, unyonyaji, masharti ya uongozi, vijiji vya ujamaa, na kadhalika. Aliweza kuliunganisha tatizo la kisima cha kijiji na azimio la taifa katika sentensi moja. Mpinzani wake aliyetoka shambani hakuwa na uzoefu huo. Kwa upande wa pili, sharti hilohilo liliwainua wapinzani wa aina moja, nao ni walimu wa shule za msingi, makatibu wa vyama vya ushirika na watumishi wa chini wa chama. Hao ndio waliokuwa wakizungumza Kiswahili na wananchi kila siku ya Mungu. Walijua kipi katika sajili ile mpya kinaeleweka na kipi huwapita wazee masikioni kama upepo. Mbunge aliyerudi jimboni kwa muda wa mwezi mmoja wa kampeni, akizungumza Kiswahili cha ofisini, alijikuta amegeuka mgeni mahali alipozaliwa.

Sharti jingine lilihusu alama. Kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, kila mgombea alipewa mojawapo ya alama mbili, jembe au nyumba. Alama hizi zilichaguliwa kwa makusudi zisiegemee upande wowote: kila mkulima ana jembe na kila mtu ana nyumba. Lakini hakuna ishara isiyoegemea upande wowote pindi inapokabidhiwa kwa wazungumzaji wa Kiswahili. Wagombea wa jembe walidai kwamba pasipo jembe hapana chakula, na kwamba hiyo nyumba yenyewe haijengwi mpaka msingi uchimbwe. Wagombea wa nyumba walijibu kwamba mkulima akichoka jembe hulitupa pembeni akaingia ndani kupumzika. Lugha ilikuwa na akiba tayari. Methali isemayo jembe halimtupi mkulima na ile isemayo nyumba njema si mlango zilikuwepo kabla ya TANU, na mtu mwenye ulimi mwepesi hakuhitaji kufundishwa namna ya kuzitumia. Katika nchi iliyokuwa ikihimiza kilimo kila uchao, jembe lilionekana kuwa na uzito wa ziada, na malalamiko kuhusu jambo hilo yalisikika.

Kwa mbunge mkongwe alama ilikuwa na hatari ya pekee. Jina lake lilijulikana, lakini kwenye karatasi ya kura jina si kitu kwa asiyesoma. Aliyekuwa jembe katika uchaguzi mmoja aliweza kuwa nyumba katika uchaguzi uliofuata. Sifa alizozichuma kwa miaka mitano zilipaswa kuhamishwa, katika wiki chache, kutoka katika sura ya mtu hadi katika mchoro ambao safari iliyopita ulikuwa wa adui yake. Ni vigumu kupata mfano mzuri zaidi wa kile ambacho wanaisimu hukiita unasibu wa ishara, na ni nadra unasibu huo kumgharimu mtu kazi yake.

Neno kura lenyewe lina historia inayofaa kutajwa hapa, ijapokuwa kwa ufupi. Asili yake ni Kiarabu, nalo lilimaanisha kukata shauri kwa bahati: vijiti huchanganywa, mmoja huvutwa, na aliyeangukiwa hana wa kumlaumu. Maana hiyo ingali hai katika Kiswahili kando ya maana ya uchaguzi. Mbunge aliyeangushwa mwaka 1965 na akasema kura haikuniangukia, alizungumza Kiswahili sahihi kwa maana zote mbili.

5.0 Mawaziri wawili wa fedha

Matokeo ya Septemba 1965 yaliwashtua waliodhani kwamba mambo yamepangwa. Mawaziri wawili na manaibu kadhaa waliangushwa, pamoja na wabunge wengi wa kawaida. Bibi Titi Mohamed, ambaye jina lake halitenganishiki na harakati za kudai uhuru na aliyekuwa kiongozi wa akina mama wa TANU, alishindwa Rufiji. Kitabu kuhusu uchaguzi huo kilichohaririwa na Lionel Cliffe na kutolewa mwaka 1967 kingali ndicho chanzo kikuu cha habari za kampeni hizo.

Mifano miwili ikiwekwa bega kwa bega inaeleza mengi. Paul Bomani alikuwa Waziri wa Fedha. Alikuwa mmoja wa waasisi wa harakati za ushirika wa wakulima wa pamba katika kanda ya Ziwa Victoria, na chama kikuu cha ushirika alichokiongoza kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya aina hiyo katika Afrika. Kama kuna mbunge aliyestahili kurudishwa na wakulima, ni yeye. Wakulima wa Mwanza walimwangusha. Amir Jamal alikuwa Mtanzania wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa Mwanza hiyohiyo, aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria katika uchaguzi wa kura tatu wa 1958–59, ule uliomlazimu kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na ambao TANU iliamua kuushiriki katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958. Mwaka 1965 viti vya rangi havikuwepo tena. Jamal alisimama Morogoro, mbele ya wapiga kura ambao karibu wote walikuwa Waafrika, akashinda. Baada ya uchaguzi alikabidhiwa Wizara ya Fedha, iliyokuwa ya Bomani.

Tofauti hii haielezeki kwa umashuhuri, maana Bomani alikuwa mashuhuri zaidi. Haielezeki kwa ukabila wala rangi, maana ingekuwa hivyo matokeo yangegeuka. Inaelezeka vizuri zaidi kwa kutazama ni nani aliyehesabiwa kuwa mwenye dhamana ya jambo gani. Bomani alikuwa ndiye ushirika, na ushirika ulipoanza kukata fedha katika bei ya pamba, makato hayo yalikuwa na uso, nao ulikuwa wake. Tena, mtu aliyeondoka kijijini akiwa kiongozi wa wakulima akarudi akiwa Waziri wa Fedha alipimwa kwa kipimo kikali kuliko yeyote, kwa sababu watu walikumbuka alivyokuwa. Jamal hakuwa na deni la namna hiyo. Hakuna mkulima wa Morogoro aliyemtegemea kama mwana wa ukoo na kuona amesalitiwa. Alipimwa kwa kazi, na sheria ya kampeni ilimkinga na neno moja ambalo mpinzani angeweza kulitumia dhidi yake.

Kilichofuata pia kina funzo kuhusu mipaka ya kura. Rais alimteua Bomani kuwa mbunge akamrudisha katika baraza la mawaziri, safari hii akishughulikia mambo ya uchumi na mipango ya maendeleo. Wananchi walikuwa wamemwondoa kwenye kiti cha jimbo. Kumwondoa serikalini hakukuwa katika uwezo wao. Mtu anaweza kumtetea Mwalimu kwa kusema kwamba nchi changa haikuwa na wataalamu wa kuchezea, na utetezi huo una nguvu. Lakini mkulima wa pamba aliyesikia redioni majina ya mawaziri wapya alikuwa na haki ya kujiuliza alichokipigia kura ni nini.

6.0 Kati ya uchaguzi na uchaguzi

Mbunge wa jimbo hakuwa peke yake bungeni. Kando yake waliketi wabunge wa kuteuliwa, wabunge wa taifa waliotokana na jumuiya mbalimbali, wajumbe kutoka Zanzibar, na wakuu wa mikoa, ambao waliingia Bunge kwa nyadhifa zao na wakati huohuo walikuwa makatibu wa chama wa mikoa. Maana yake ni kwamba mbunge aliyechaguliwa alipotaka barabara au zahanati, mtu aliyekuwa na funguo za mkoa alikuwa ni mbunge mwenzake ambaye hakuchaguliwa na mtu, na juu ya hayo alikuwa na sauti katika chama ambacho miaka mitano ijayo kingepitia jina la mwombaji.

Katika hali hiyo kazi ya mbunge aliyetaka kurudi ilikuwa ya ujumbe hasa. Alipeleka haja za watu juu, akaleta maelezo ya serikali chini. Aliyefanikiwa kuleta shule alisema ameileta. Aliyeshindwa alieleza uhaba wa fedha za kigeni. Lawama iliyowaangusha wengi, kwa mujibu wa waliouchunguza uchaguzi wa mwaka 1965, ilikuwa rahisi mno kutamkwa: huyu bwana hatumwoni. Kutoonekana kulikuwa kosa kubwa kuliko kukosea.

Kuna kosa jingine ambalo halikuhukumiwa na wananchi. Oktoba 1968 TANU iliwafukuza uanachama watu kadhaa, miongoni mwao Oscar Kambona, aliyekuwa amekwisha kwenda ng'ambo, na wabunge kama Joseph Kasella Bantu na Eli Anangisye. Kwa kuwa mbunge alilazimika kuwa mwanachama, aliyepoteza kadi alipoteza kiti. Majimbo yaliyowachagua hayakuulizwa. Hapa panaonekana kwa uwazi mgawanyo wa madaraka katika mfumo mzima. Mwananchi alikuwa na mamlaka ya kweli ya kumhukumu mbunge kuhusu bidii, tabia, ahadi na mahudhurio. Mwelekeo wa nchi ulikuwa mali ya chama, na mbunge aliyeugusa alihukumiwa na chama. Orodha ya wabunge waliorudi mara tatu au nne, kwa hiyo, ni orodha ya watu waliojua kuishi katika mahakama zote mbili. Wapo waliokuwa hodari na wapo waliokuwa wapole tu, na orodha yenyewe haiwatenganishi.

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliongeza jambo moja lisilotajwa sana linapozungumziwa suala la uchaguzi. Masharti ya uongozi yalimkataza kiongozi, mbunge akiwemo, kuwa na hisa katika makampuni, kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kupangisha nyumba. Nia ilikuwa kujenga ujamaa, lakini tokeo mojawapo lilikuwa kwamba mbunge mkongwe hakuweza kwa urahisi kujenga himaya ya fedha jimboni kwake. Miaka kumi bungeni ilimpa jina. Haikutarajiwa impe mali ya kugawa. Masharti hayo yalilegezwa na uamuzi uliofikiwa Zanzibar mwaka 1991, baada ya uchaguzi wa mwisho wa chama kimoja.

7.0 Upande wa pili wa mpaka

Nchini Kenya chama kimoja kilikuwepo kwa vitendo tangu mwaka 1969, kilipopigwa marufuku chama cha KPU, na kisheria kati ya mwaka 1982 na 1991. Huko hapakuwa na majina mawili. Wangeweza kusimama watatu, watano au zaidi, na aliyeongoza akachukua kiti hata akiwa na sehemu ndogo ya kura. Hapakuwa pia na masharti ya uongozi ya kumbana mbunge mwenye mali. Kipimo kilikuwa Harambee: amechanga kiasi gani kwa shule, kwa kanisa, kwa zahanati. Kwa hiyo mbunge mkongwe wa Kenya alirudi kwa njia ambazo Tanzania zingehesabiwa kuwa rushwa, na alianguka alipotokea mwenye mfuko mrefu au mtandao bora zaidi. Mwaka 1979 Dakta Julius Gikonyo Kiano, aliyekuwa katika Baraza la Kutunga Sheria tangu mwaka 1958 na waziri kwa miaka mingi, aliangushwa katika jimbo la Mbiri na Kenneth Matiba, aliyekuja akitokea katika biashara. Mwai Kibaki aliponea chupuchupu mbele ya Jael Mbogo mwaka 1969 mjini Nairobi, naye mwaka 1974 akahamia Othaya, ambako alirudishwa mfululizo katika kila uchaguzi uliofuata hadi ule wa 2007.

Martin Shikuku na Jean Marie Seroney wanatoa mfano usio wa fedha. Oktoba 1975 Shikuku alisema bungeni kwamba wapo wanaotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Alipotakiwa kuthibitisha, Seroney, aliyekuwa Naibu Spika na akikalia kiti, aliamua kwamba jambo lililo dhahiri halihitaji uthibitisho. Wote wawili walikamatwa na kuwekwa kizuizini, wakatoka Desemba 1978. Katika uchaguzi wa mwaka 1979 Butere ilimrudisha Shikuku. Tinderet haikumrudisha Seroney. Kizuizi kilekile kilikuwa nishani mahali pamoja, na mahali pengine hakikutosha.

Ushindani huo, pamoja na kasoro zake, ulivunjwa na mlolongo wa mwaka 1988. Katika uteuzi wa KANU wapiga kura walijipanga hadharani nyuma ya wagombea au mawakala wao, na aliyetangazwa kupata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa amechaguliwa moja kwa moja, bila kupelekwa kwenye kura ya siri. Katika majimbo mengine mistari mirefu ilitangazwa kuwa mifupi mchana kweupe. Neno mlolongo, ambalo kwa asili ni msafara tu wa vitu vinavyofuatana, likapata katika Kiswahili cha Kenya maana ya dhuluma ambayo halijaachana nayo hadi leo. KANU iliufuta utaratibu huo Desemba 1990. Ulinganisho huu unaonyesha jambo ambalo wanaoubeza mfumo wa TANU hulipita haraka: sanduku lenye siri na karatasi yenye michoro miwili vilimlinda mpiga kura hata pale ambapo katiba haikumlinda.

8.0 Wabunge wa mwaka 1990

Uchaguzi wa Oktoba 1990 ulikuwa wa mwisho wa jembe na nyumba. Mwaka 1991 iliundwa Tume ya Jaji Francis Nyalali. Tume ilipata kwamba wengi wa waliotoa maoni walipendelea chama kimoja kiendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi. Mabadiliko ya Katiba yalipitishwa mwaka 1992 na Bunge ambalo kila mjumbe wake alikuwa mwana-CCM, na vyama vingi vikaruhusiwa kuanzia Julai mwaka huo.

Wabunge waliochaguliwa mwaka 1990 waliendelea kukalia viti vyao hadi mwaka 1995. Kwa miaka mitatu nchi ilikuwa ya vyama vingi na karibu Bunge zima lilikuwa lile la chama kimoja, isipokuwa pale ulipofanyika uchaguzi mdogo. Wakongwe waliotaka kurudi mwaka 1995 walikuta chujio la pili limebadilika tabia. Katika majimbo ambako CCM ilikuwa na nguvu, ambayo yalikuwa mengi, mpinzani aliyekuwa akisimama nao jukwaani na kadi ileile hakuwepo tena mbele ya wananchi wote. Alikuwa amekwisha kushughulikiwa ndani, katika kura za maoni za wanachama, na baada ya hapo mgombea wa CCM alikutana na wapinzani ambao mara nyingi hawakuwa na ofisi wilayani. Mkulima asiye mwanachama, ambaye tangu mwaka 1965 aliweza kumwondoa mbunge wake pasipo kulazimika kukikataa chama, sasa alitakiwa kuchagua kimoja kati ya hivyo viwili.